Je, Wajua? Ununue Leo au Ungoje Kesho

Mchele wa mwakani hautashibisha mara mbili ya mchele wa mwaka huu kwa bei ileile. Kompyuta imefanya muujiza huo kwa zaidi ya nusu karne: aliyevuta subira alipata kingi kwa pesa zilezile, na aliyewahi akabaki na mtambo uliopitwa. Kwa hiyo mwenye fedha mkononi, awe mkuu wa shule, mhasibu wa kampuni au mwenye kiwanda anayepanga bidhaa ya miaka mitatu ijayo, ana swali ambalo mnunuzi wa mchele hanalo. Anachotaka anakijua, asichokijua ni siku ya kukinunua. Visa vifuatavyo ni vya watu waliolijibu swali hilo, wengine kwa werevu, wengine kwa hasara.

Je, wajua kwamba utabiri maarufu kuliko wote wa kompyuta ulisimama juu ya nukta tano?

Aprili 1965, Gordon Moore, mkemia aliyeongoza utafiti katika kampuni ya Fairchild huko California, aliandika makala katika jarida la Electronics. Alichora grafu ya idadi ya vijenzi vinavyoweza kubanwa ndani ya chipu moja kwa gharama nafuu. Grafu ilianza 1959 ikaishia 1965, na ilikuwa na nukta tano tu. Moore akauvuta mstari mbele hadi 1975: kutoka vijenzi 60 hivi mpaka 65,000, yaani maradufu kila mwaka. Miaka kumi ilipotimia alirudi akaupunguza mwendo, akasema sasa ni maradufu kila miaka miwili. Wakati huo alikuwa amekwisha kuanzisha Intel pamoja na Robert Noyce, mwaka 1968.

Watu wameizoea kwa jina la sheria ya Moore, kana kwamba ni ndugu wa sheria za Newton. Kwa kweli ilifanya kazi kama ratiba. Kuanzia miaka ya 1990 viwanda vya Marekani, na baadaye vya nchi nyingine, vilichapisha kwa pamoja mwongozo unaotaja mwaka gani chipu ziwe ndogo kiasi gani, ili mtengeneza kemikali, mtengeneza lenzi na mtengeneza mitambo wafike siku moja. Kila mmoja alikimbia kwa hofu kwamba mwenzake ameshatangulia. Utabiri ulitimia kwa sababu watu wengi sana walilipwa mishahara ili kuutimiza.

Je, wajua kwamba wanaastronomia waliwahi kupiga hesabu ya faida ya kwenda ufukweni?

Mwaka 1999 kikundi cha wanaastronomia wa Chuo Kikuu cha Arizona kilitoa makala fupi yenye mzaha wa wazi na hesabu sahihi kabisa. Hoja yao ni hii. Tuseme una kazi kubwa ya kukokotoa, na kompyuta bora unayoweza kuinunua leo itaimaliza kwa miezi 40. Tuseme pia kwamba nguvu ya kompyuta kwa bei ileile huongezeka maradufu kila miezi 18. Ukinunua leo, utamaliza mwezi wa 40. Lakini ukikaa bure ufukweni miezi 11, kisha ndipo ukanunua, mashine mpya itaimaliza kazi hiyohiyo kwa miezi 26. Jumla ni miezi 37. Umepumzika karibu mwaka mzima, na bado umemtangulia kwa miezi mitatu yule aliyeanza kabla yako.

Mpaka wenyewe hautegemei ukubwa wa bajeti. Kazi isiyozidi miezi 26 ianze leo. Ikizidi hapo, kungoja kuna faida. Wahenga waliosema subira huvuta heri ndio haohao waliosema ngoja ngoja huumiza matumbo, wala hawakutuambia heri inakoma wapi na tumbo linaanza kuuma wapi. Hawa wa Arizona walau walitaja mwezi.

Hesabu hiyo, hata hivyo, ina sharti ambalo mnunuzi wa kawaida hulisahau: siku mashine inapofika, programu iwe imekwisha kuandikwa, imejaribiwa, na mtu wa kuiendesha awepo. Miezi 11 ya ufukweni haiandiki programu. Nimeona ofisi zikingoja toleo jipya la mashine kwa sababu nzuri kabisa, kisha zikagundua kwamba katika muda wote huo hakuna aliyesafisha majalada wala kuingiza kumbukumbu, na mashine ya kisasa ikakaa miezi mingine ndani ya boksi lake.

Na je, wajua kwamba wote wangekwenda ufukweni, bei isingeshuka?

Mradi wa kusoma jenomu ya binadamu, yaani herufi zote za vinasaba vyetu, ulianza mwaka 1990 na kutangazwa kuwa umekamilika Aprili 2003. Uligharimu takriban dola bilioni 2.7. Kwa kipimo cha Arizona ulikuwa uzembe mtupu: mwaka 2001 kusoma jenomu moja kulikadiriwa kugharimu dola milioni 100 hivi, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 2010 bei ilikuwa karibu na dola 1,000. Si wangengoja tu?

Jibu lilikwisha kutolewa mwaka 1936, na mhandisi wa ndege aliyeitwa Theodore Wright. Alipochunguza viwanda vya ndege aliona kwamba kila jumla ya ndege zilizotengenezwa ilipoongezeka maradufu, kazi ya mikono katika kila ndege ilipungua kwa karibu asilimia 20. Kilichoshusha gharama ni kutengeneza, wala kalenda haikuhusika. Mafundi walijifunza, vifaa vya kazi vikaboreshwa, makosa yakapungua. Mashine za kusoma vinasaba zilipata bei nafuu kwa sababu kulikuwa na mradi wenye fedha uliokuwa ukiziagiza zikiwa bado ghali na polepole. Anayengoja hula jasho la aliyetangulia, na sioni ubaya wowote hapo, mradi pawepo aliyetangulia.

Je, wajua kwamba kampuni iliwahi kufa kwa kuisifia bidhaa yake ijayo?

Hivyo ndivyo wanafunzi wa biashara wanavyofundishwa. Adam Osborne, Mwingereza aliyezaliwa Bangkok na kulelewa India, alitoa mwaka 1981 kompyuta ya kubebwa mkononi iliyoitwa Osborne 1. Kubebwa kwenyewe kulihitaji msuli, maana ilikuwa na kilo 11 hivi. Kioo chake kilikuwa cha inchi 5. Bei ilikuwa dola 1,795, na ndani yake mliwekwa programu za kuandikia na za hesabu ambazo ukizinunua mbalimbali zingekaribia bei ya mashine yenyewe. Watu waliigombania, kuna wakati kampuni iliuza mashine 10,000 kwa mwezi.

Mwaka 1983 Osborne alianza kuwaonyesha waandishi wa habari mashine itakayofuata, Executive, yenye kioo kikubwa zaidi. Wenye maduka wakajiuliza kwa nini wajaze rafu na mashine ya zamani. Oda zikafutwa, mali ikalala ghalani, fedha zikakatika. Septemba mwaka huohuo kampuni iliomba mahakama iilinde dhidi ya wadai wake. Tangu hapo jambo hili lina jina: athari ya Osborne.

Hadithi ni tamu mno kiasi kwamba inaficha watuhumiwa wengine. Kaypro ilikuwa sokoni tangu 1982, kwa bei ileile ya dola 1,795, ikiwa na kioo cha inchi 9. Compaq nayo ilianza kuuza mwaka 1983 mashine ya kubebeka iliyoweza kuendesha programu za IBM, jambo ambalo Executive haikuliweza. Binafsi naamini mdomo wa Osborne ulimuumiza, ila mnunuzi aliyeziweka Osborne na Kaypro bega kwa bega dukani hakuhitaji kusoma gazeti lolote ili kuamua.

Machi 2025, Jensen Huang, mkuu wa kampuni ya chipu ya Nvidia, alifanya kosa hilohilo kwa makusudi. Mbele ya ukumbi uliofurika huko San Jose, alisema chipu zake mpya za Blackwell zitakapoanza kutoka kwa wingi, zile zilizotangulia za Hopper hutaweza kuzigawa hata bure. Akatania kwamba yeye ndiye mharibifu mkuu wa mapato ya kampuni. Nvidia haikufilisika. Wateja wa Osborne walikuwa watu wa kawaida walioweza kukaa miezi sita bila kompyuta. Wateja wa Huang ni kampuni zinazoogopana, na kila moja inaamini kwamba ikikaa miezi sita bila chipu mwenzake ataichukua nafasi yake.

Je, wajua kwamba Tanzania iliwahi kupiga marufuku kompyuta?

Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, wakati taifa likiwa bado changa. Ilitarajiwa kurahisisha hesabu za serikali. Kilichofuata ni vurugu katika vitabu, gharama za wataalamu wa kigeni, na mtambo ambao wenyeji walioujua ndani na nje walikuwa wachache. Mwaka 1974 serikali ikakata shauri: kompyuta zisiingizwe nchini. Aliyezihitaji kweli alilazimika kuomba kibali. Mlango ulianza kulegezwa kidogo kidogo katika miaka ya 1980, na katazo likaondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Ni rahisi kucheka. Lakini tazama tarehe zenyewe. Mwaka 1974 kompyuta ilikuwa mtambo wa kujaza chumba, wenye kiyoyozi chake na mkataba wa matengenezo ulioandikwa Ulaya. Mwaka uliofuata ndipo Altair ilipotoka, mashine ya kuunganisha mwenyewe mezani. Apple II ilifuata mwaka 1977, na kompyuta ya mezani ya IBM mwaka 1981. Kwa bahati tu, bila kukusudia, nchi ilikataa kununua mitambo ya aina ya zamani katika mwaka ambao ilikuwa inakaribia kuwa chuma chakavu. Mnunuzi wa Arizona angempa mkono aliyesaini katazo lile.

Lakini asingempa mkono kwa muda mrefu. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1974 alikuwa anakaribia 40 mlango ulipofunguliwa. Katika kipindi hicho India, iliyokuwa na vikwazo vyake vizito vya kuagiza mitambo, iliendelea kusomesha wahandisi wa kompyuta, na wakati soko la dunia lilipofunguka walikuwapo tayari. Bei ya mashine ilishuka yenyewe huku sisi tukingoja. Ujuzi haukupanda wenyewe.

Je, wajua kwamba programu iliyoshinda kwa kutojali kesho ilishindwa kesho ilipofika?

Januari 1983 kampuni ya Lotus ya Massachusetts ilitoa 1-2-3, programu ya majedwali ya hesabu. Mtunzi wake, Jonathan Sachs, aliiandika kwa lugha ya chini kabisa, ile inayozungumza na chipu moja kwa moja bila mkalimani. Ilikuwa kazi ngumu, na ilimaanisha kwamba programu haingeendeshwa kwenye mashine nyingine bila kuandikwa upya. Lakini kwenye kompyuta ya IBM ilikimbia. Mpinzani wake, Context MBA, alikuwa na mbinu ya busara zaidi kwenye karatasi: aliandika kwa lugha ya juu, Pascal, ili baadaye aweze kuhamia mashine yoyote. Wateja walipobonyeza kitufe na kungoja, walihama wao.

Funzo lingeishia hapo ingekuwa raha kwa wasiopenda kupanga. Mwishoni mwa muongo kompyuta zilikuwa zimepata nguvu, na lugha ya juu haikuwa tena mzigo. Lotus ikaanza kuiandika 1-2-3 upya kwa lugha ya C. Kazi ikachelewa na kuchelewa tena, hadi 1989, na ilipotoka ilidai kumbukumbu kubwa kuliko iliyokuwa ndani ya mashine nyingi za wateja, hivyo kampuni ikalazimika kuuza sambamba toleo dogo kwa wenye mashine za zamani. Microsoft, kwa upande wake, ilikuwa imetoa Excel ya Windows tangu 1987, wakati mashine zilizoweza kuiendesha Windows bila kukohoa zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Windows 3.0 ilipotoka Mei 1990, mashine zilikuwa zimeifikia Excel. Mwaka 1995 IBM iliinunua Lotus kwa dola bilioni 3.5.

Miaka mitatu ndiyo iliyotenganisha Excel na soko lake. Ingekuwa minane, pengine leo tungekuwa tunaitaja kama mfano wa programu iliyozaliwa kabla ya wakati.

Je, wajua kwamba mkuu wa Intel aliwahi kupiga goti?

Oktoba 2004, mjini Orlando, Craig Barrett alipiga goti jukwaani mbele ya wataalamu wa teknolojia, nusu mzaha, nusu kuomba radhi. Intel ilikuwa imeahidi chipu ya Pentium 4 yenye kasi ya gigahezi 4, ikaifuta. Miaka michache kabla, kampuni ilikuwa ikizungumzia gigahezi 10. Kilichowakwamisha ni joto: transista, yaani vijenzi vikuu vya chipu, zilizidi kuwa ndogo, lakini umeme ziliotumia haukupungua tena kwa mwendo uleule. Viwanda vikageukia kuweka viini viwili, vinne, kisha vinane ndani ya chipu moja. Waliokuwa wameandika programu nzito wakitumaini kwamba kasi ya mwaka ujao itawaokoa walijikuta na kazi mpya, kuigawa kazi moja ili ifanywe na viini vingi kwa wakati mmoja. Transista ziliendelea kuongezeka kama Moore alivyosema. Ni wanunuzi waliokuwa wameamini kwamba Moore aliahidi kasi.

Je, wajua kwamba helikopta ya Mirihi ilikuwa na ubongo wenye nguvu kuliko gari lililoibeba?

Gari la utafiti la Perseverance lilitua kwenye sayari ya Mirihi tarehe 18 Februari 2021. Ubongo wake ni chipu ya RAD750, ya ukoo uleule na chipu iliyokuwa ndani ya iMac za mwaka 1998, na hukimbia megahezi 200 hivi. Simu ya bei ya chini Kariakoo inaizidi mbali. Lakini RAD750 imetengenezwa kuhimili mionzi ya angani, na imekwisha kuruka kwenye vyombo vingi kabla. Mhandisi anayetuma gari la mabilioni ya dola mahali ambapo hakuna fundi anataka chipu ambayo kasoro zake zimeshajulikana.

Chini ya tumbo la gari hilo ilifungwa helikopta ndogo, Ingenuity, isiyofika kilo 2. Hiyo ilipewa chipu ya Snapdragon 801, ya simu janja za mwaka 2014, ya kawaida kabisa, kwa sababu kuruka kulihitaji kukokotoa kwa haraka na kwa sababu chombo chenyewe kilikuwa cha majaribio. Kilipangiwa safari zisizozidi tano. Kiliruka mara 72, hadi Januari 2024. Sidhani kama hilo linathibitisha kwamba magari yajayo yawekewe chipu za simu. Linathibitisha kwamba NASA ilijua wapi inaweza kucheza na wapi haiwezi, na iliviweka vyote viwili ndani ya roketi moja.

Uaminifu kwa chipu za zamani una gharama zake. Mwaka 2002 iliripotiwa kwamba NASA ilikuwa ikiperuzi soko la mtandaoni la eBay, ikitafuta vifaa vya zamani ili ing'oe ndani yake chipu za Intel 8086 kwa ajili ya mitambo ya kupimia roketi za shuttle. Chipu hiyo ilitoka mwaka 1978.

Je, wajua kwamba flopi iliendelea kudaiwa baada ya kufa?

Sony iliacha kutengeneza flopi mwaka 2011. Hata hivyo, ndege za Boeing 747-400 ziliendelea kupokea ramani mpya za safari kwa flopi za inchi 3.5, kila siku 28, na huko Japani ilifika Juni 2024 ndipo serikali ikafuta kanuni zaidi ya 1,000 zilizotaka wananchi na kampuni wawasilishe nyaraka kwa diski za namna hiyo. Kifaa kilikuwa kimekufa kwa zaidi ya muongo. Kanuni ilikuwa hai.

Je, wajua kwamba M-Pesa na iPhone ni za umri mmoja?

Steve Jobs aliionyesha iPhone Januari 2007. Ikaanza kuuzwa Juni. Katikati ya miezi hiyo, tarehe 6 Machi, Safaricom ilizindua M-Pesa nchini Kenya. Upande mmoja ulimtaka mteja anunue kifaa ambacho dunia haikuwahi kukiona. Upande wa pili ulichagua kazi ngumu ya kukaa ndani ya kile ambacho mteja alikuwa nacho tayari: simu ya vitufe, menyu iliyohifadhiwa kwenye laini, na ujumbe mfupi. Simu iliyotamba enzi hizo, Nokia 1100 ya mwaka 2003, iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, na watu wengi waliisifia kwa tochi yake. Kabla mwaka wa kwanza haujaisha, M-Pesa ilikuwa imepita wateja milioni moja.

Vilevile haikuanza kama huduma ya kutumiana pesa. Majaribio ya 2005, yaliyofanywa pamoja na taasisi ya mikopo midogo, yalilenga kuwarahisishia wakopaji kurejesha mikopo yao. Wakopaji wakaitumia kupelekeana pesa wenyewe kwa wenyewe, na waliokuwa wakiijaribu wakawa na akili ya kuwafuata.

Linganisha na kompyuta ndogo ya dola 100. Novemba 2005, mjini Tunis, Nicholas Negroponte wa MIT na Kofi Annan wa Umoja wa Mataifa waliionyesha dunia kompyuta ya kijani kwa ajili ya watoto wa nchi maskini. Hesabu yake yote iliegemea juu ya kushuka kwa bei: serikali zikiagiza mamilioni, gharama itaanguka. Oda za mamilioni hazikuja, na ilipoanza kutengenezwa mwaka 2007 ilikaribia dola 190. Rwanda ilikuwa mmoja wa wateja wake wakubwa barani Afrika, ikagawa zaidi ya kompyuta 200,000 mashuleni. Mwaka huohuo wa 2007 Asus ya Taiwan ilitoa Eee PC, kompyuta ndogo ya bei nafuu ya kuuzwa dukani kwa yeyote, na kampuni nyingine zikafuata. Mradi wa watoto ulisaidia kuonyesha kwamba soko lipo. Walioingia kuvuna ni wengine.

Je, wajua kwamba kebo ya chini ya bahari huongezewa uwezo bila kuguswa?

Hadi 2009 mawasiliano ya intaneti ya Afrika Mashariki na dunia yalipita kwenye setilaiti, kwa bei kubwa. Mwaka huo zilifika SEACOM, iliyogusa Dar es Salaam na Mombasa, na TEAMS, inayotoka Mombasa hadi Fujairah katika Falme za Kiarabu. Kebo za namna hii hupangiwa kuishi miaka 25, ilhali teknolojia ya kutuma taarifa kwa mwanga hubadilika kila baada ya miaka michache. Mhandisi anapangaje vitu viwili vyenye umri tofauti hivyo? Anavitenganisha. Vikuza mwanga vilivyoko sakafuni mwa bahari vinaongeza nguvu ya mwanga bila kujali umebeba nini ndani yake. Maarifa yote ya kusimba na kusimbua yako kwenye vituo vya nchi kavu. Unapotaka uwezo zaidi, unabadilisha mitambo ya miisho miwili, na samaki hawasumbuliwi.

Na je, wajua kwamba umri wa kompyuta huamuliwa na mhasibu?

Kampuni inaponunua serva, haiandiki gharama yote mwaka huo. Huigawanya kwa miaka ambayo inadhani mashine itafaa. Muda ukirefushwa, gharama ya kila mwaka hupungua na faida huonekana kubwa, bila mashine yoyote kubadilika. Miaka michache iliyopita kampuni kubwa za Marekani zilirefusha muda huo moja baada ya nyingine: Google na Microsoft hadi miaka 6, kisha Amazon nayo ikafuata mwaka 2024.

Mwanzoni mwa 2025 njia zikaachana. Meta ilitangaza kwamba serva zake nyingi sasa zitahesabiwa kuishi miaka 5.5, muda mrefu kuliko awali, na kwamba hatua hiyo itapunguza gharama za uchakavu za mwaka huo kwa dola bilioni 2.9 hivi. Majuma mawili hayakupita, Amazon ikasema inashusha umri wa baadhi ya serva na mitambo yake ya mtandao kutoka miaka 6 hadi 5, na ikataja kasi ya maendeleo ya akili mnemba kuwa sababu. Kampuni zote mbili zina wahandisi wa kutosha, zinaendesha vituo vikubwa vya serva, na zinanunua chipu kwa Huang yuleyule.